Kodi ya Nyumba na Dhamiri ya Mkristo

Mji unapokua, watu huupima kwa maduka, magari na taa za umeme. Sisi twaona kuna kipimo kingine kilicho bora zaidi: maskini wa mji huo walala wapi?

Tuitazame Makambako. Hapo barabara kuu iendayo Zambia yaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, yapita papo hapo. Penye njia panda hukusanyika wengi: wachuuzi, wapakiaji wa mbao na viazi, vijana watafutao kibarua, wajane wasio na shamba. Njombe nako, penye baridi kali mwezi wa Juni na Julai, chumba kisicho na dari wala dirisha la kufungika si taabu ndogo kwa mtoto mchanga. Tena mkoa huu umejeruhiwa na UKIMWI kuliko mingine. Uchunguzi wa 2022 na 2023 uliona virusi kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Nyuma ya hesabu hiyo wako mabibi waleao wajukuu yatima katika vyumba vya kupanga.

Basi, twawiwa nini na watu hawa? Wengi wetu hujibu upesi: sadaka. Hukusanya mabati na saruji, wakamjengea mjane mmoja nyumba, wakamshukuru Mungu. Ni tendo jema, wala hatulibezi. Lakini yafaa tujiulize: ni nani aliyemtoa mjane huyo katika chumba chake cha kwanza? Huenda ni Mkristo mwenzake, aliyemdai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu aishiye kwa kibarua cha siku ataipata wapi fedha ya mwaka? Atakopa kwa riba, ama atahama usiku.

Mwenye nyumba naye ana haki yake. Alijinyima, akajenga, na pengine ada ya wanawe yatoka humo. Hatusemi apangishe bure. Twasema kwamba haki ya kupokea kodi si ruhusa ya kumbana mwenye shida. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu mfanyakazi, akisukumwa na dhiki, ameyakubali. Ikiwa ndivyo kwa mshahara, kwa nini isiwe hivyo kwa kodi?

Hata katika kujenga, wapo waliotangulia kutuonyesha njia. Kati ya 1973 na 1976, huko Mbandaka, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati ule, Mmarekani Millard Fuller alishirikiana na Wakristo wa mahali kujenga nyumba ambazo wakaaji walizilipia kidogo kidogo bila riba, na fedha iliyorudi ikajenga nyingine. Maskini hakuwa mpokeaji tu, alikuwa mjenzi na mwenye mali. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliifungamanisha nyumba na heshima ya mtu na ustawi wa jamaa. Heshima haipelekwi kwa mtu kama mzigo wa mabati. Hukua anapoulizwa, anapochangia, anapomiliki.

Na mkongwe asiyeweza kuchangia chochote? Huyo ni wetu sote. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizikazia mwaka 1976, zaijua kila nyumba inayovuja. Zisingoje mfadhili. Kwanza, wanajumuiya wenye vyumba wakubali kodi ya mwezi kwa mwezi. Pili, kabla ya kuchanga, maskini aulizwe ahitaji nini. Tatu, mjane ajengewapo, hati ya kiwanja iandikwe kwa jina lake, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Haya hayahitaji fedha kutoka ng'ambo, bali moyo ulio tayari kupata faida kidogo kuliko uwezavyo. Hapo ndipo pagumu. Tusimwombe Mungu makao mbinguni huku twamfungia jirani kufuli hapa duniani.