Mpinzani Asiyepoteza Kitu

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana ameinamia simu yake, akicheza karata na wenzake watatu ambao hawapo popote. Kompyuta ndiyo inayowagawia, ndiyo inayowachezea, nayo humngoja kijana afikiri kadiri apendavyo. Wazazi kadhaa wametuuliza kama mchezo huo ni dhambi. Kabla ya kujibu, yafaa tujiulize: huyu kijana anacheza na nani?

Karata si ngeni kwetu. Majina ya kopa, uru, pau na shupaza, pamoja na neno turufu, tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kutolewa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Uru asili yake ni neno la Kireno la dhahabu, ingawa alama yake imechorwa kama almasi. Basi sisi wa huku, wenye almasi ya Mwadui upande mmoja na dhahabu ya Geita upande wa pili, tunazo zote mbili katika karata moja! Vijana hupenda zaidi lasti kadi. Lakini iko michezo ya wawili kwa wawili, ambamo mwenzako huketi kukukabili, wala huruhusiwi kumwambia unacho nini mkononi. Sharti umsome kwa alichotoa na alichozuia.

Hatutaki kuidharau kompyuta. Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba anayejifunza huhitaji mahali pa kukosea bila kuchekwa, na chini ya mwembe mahali hapo ni adimu. Anayepoteza turufu ovyo hutaniwa mpaka jua lizame, na wenye haya hawarudi tena. Mashine haimcheki mtu. Hurudia somo mara mia bila kununa, jambo ambalo walimu wengi hatukuliweza. Wala si mchezaji dhaifu. Mwezi Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne wa poka katika migao 120,000. Na poka ni mchezo wa karata zilizofichwa, ambao kumhadaa mpinzani ni sehemu ya ufundi wake.

Lakini Libratus haikufurahi kwa kushinda, wala isingeona haya kwa kushindwa. Mpinzani wa kweli ana kitu cha kupoteza: muda wake, jina lake mtaani, utulivu wa moyo wake. Ukimwibia, ameibiwa. Ukiondoka kwa sababu unashindwa, umemwacha amekaa. Kwenye simu kuna kitufe cha kurudisha karata na kingine cha kuanza upya. Kijana akiona mambo mabaya hubonyeza, na hakuna aliyedhulumiwa. Ni kweli, hapana dhambi hapo. Ila hapana msamaha pia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusamehe. Yakobo alishindana usiku kucha na yule aliyeweza kumtegua nyonga, naye hakumwachilia mpaka ambariki. Kwa kitufe asingefika alfajiri.

Twasema haya kwa sababu ya mahali tulipo. Katika miji ya machimbo mtu aweza kushika fedha nyingi leo na kesho akakosa nauli, na mashine za kutumbukiza sarafu ziko karibu naye. Wachimbaji wawili wakiwekeana fedha kwa karata wanafanya jambo tusilolikubali. Hata hivyo mshindi humwona mwenzake akiinuka mikono mitupu, na mara nyingine humrudishia nauli. Mashine haimwoni mtu. Imepangwa tangu mwanzo ibaki na sehemu ya fedha zinazoingia. Kijana huiketia kana kwamba yuko na mtu, akiamini kwamba imekula vya kutosha na sasa lazima iteme.

Kwa hiyo hatushauri simu zinyang'anywe. Tunashauri kwamba kijana akishajua kuhesabu turufu, atafutiwe watu watatu. Mmoja wa mtaani kwetu alijifunza peke yake kwa miezi kadhaa, kisha akaja kuketi na wazee. Kwa kukumbuka karata zilizokwisha kutoka, aliwapita wote. Katika mgao wa tatu akaona mambo yameharibika, akaweka karata zake chini, akasema, "Tuanze upya." Wazee walinyamaza. Mwenzake, mzee aliyepita miaka sabini, akamwambia, "Okota karata zako, mjukuu wangu. Mgao haujaisha." Waliucheza mpaka mwisho, wakashindwa vibaya, na mzee hakuficha kwamba ameudhika. Jumamosi iliyofuata kijana alirudi. Alikuta ameachiwa kiti kilekile, kumkabili mzee yuleyule.