Chombo Kisichong'oa Nanga

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: tumeulizwa suala na mmoja katika ndugu zetu, naye ni mtu wa bahari na mwana wa mtu wa bahari, aliyetembea Ulaya kisha akarejea. Alisema barazani baada ya sala ya magharibi: "Katika pwani ya kusini ya Ufaransa nimeona bandari iliyojaa milingoti kama msitu wa mikoko. Vyombo ni maelfu, wala sikuona katika hivyo kinachovua wala kinachochukua shehena. Nimekaa hapo siku nne za jua na upepo mwema, nisione ila vichache vikitoka. Je, mwenye chombo kama hicho ana dhambi?" Mtu mwengine akamjibu hapo hapo: "Dhambi ya nini? Mali ni yake, na afanye apendavyo." Watu wakacheka na mazungumzo yakageuka. Mimi nalinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaitaja mahali pake.

Bandari aliyoiona ndugu yetu ni Port Camargue, iliyo kando ya mji wa wavuvi uitwao Le Grau-du-Roi. Pwani ile zamani ilikuwa mchanga, maziwa ya maji ya chumvi na mbu wasiohesabika. Mwaka 1963, katika zama za Jenerali de Gaulle, serikali ya Ufaransa iliweka kamati chini ya mtu aitwaye Pierre Racine, ikaipa kazi ya kuigeuza pwani hiyo kuwa mahali pa mapumziko, kwani waliona watu wao wakati wa joto wapita njia kwenda Spania na fedha zao wazipeleka huko. Mbu wakapigwa dawa, mabandari yakachimbwa, miji mipya ikajengwa juu ya mchanga mtupu. Mjenzi Jean Balladur akaupanga mji wa La Grande-Motte, wenye majumba ya umbo la ahramu za kale za Meksiko, na yeye ndiye aliyepanga Port Camargue pia, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1969. Leo ina nafasi zipatazo 5,000 za kufungia vyombo, nayo yahesabiwa katika bandari kubwa kabisa za namna yake Ulaya. Mashariki ya hapo, mwaka 1966, mjenzi mwengine, François Spoerry, alianza kujenga Port Grimaud juu ya bwawa, akapitisha mifereji ya maji baina ya nyumba, hatta mtu afunga mashua yake mlangoni kama sisi tulivyozoea kufunga punda.

Sasa, katika wenzetu wako watakaosoma khabari hizi wakatoa hukumu upesi: haya yote ni israfu na upuuzi wa dunia. Sisi hatusemi hivyo. Asili ya vitu ni uhalali, na mwenye kuharimisha ndiye atakiwaye kuleta dalili. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, wala hapakuwa na faida ya biashara katika mbio hizo. Na bahari katika Kurani haikutajwa kuwa ni ya samaki na safari tu, bali yametajwa pia mapambo yatolewayo humo watu wakayavaa. Tena yafaa tujue kwamba starehe ya pwani ile haikuwa ya matajiri peke yao. Mwaka 1936 sheria ya Ufaransa iliwapa wafanya kazi wote majuma mawili ya mapumziko yenye mshahara kila mwaka, na kabla ya hapo mtu wa kiwandani aliweza kuishi na kufa asiione bahari iliyo katika nchi yake. Na katika mwaka 1947, huko pwani ya magharibi, Philippe Viannay na mkewe Hélène, waliokuwa wakipingana na Wajerumani wakati wa vita, waliwachukua wenzao waliotoka katika mateso wakapumzike katika visiwa vya Glénan. Mapumziko hayo yakageuka kuwa madrasa ya tanga, na madrasa ipo hatta leo. Vyombo vyake ni vya jumuiya, na chombo kimoja huwafundisha watu wengi. Mtu akisema kuwa hili ni batili, basi na atuonyeshe ubatili wake u wapi.

Basi twaondoe starehe katika suala, kwani siyo iliyomshitua ndugu yetu. Kilichomshitua ni vyombo kulala.

Hapa nakumbuka jambo ambalo wanafunzi wetu hulisoma katika mlango wa zaka wakalipita mbio. Maimamu wamekhitilafiana: ni nani aliye na shida zaidi, fakiri au maskini? Sisi Mashafii twasema fakiri, na katika hoja zetu ni ile khabari ya Sura ya Kahf, ya merikebu iliyotobolewa na yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa. Wenye merikebu ile waliitwa maskini, nao wana merikebu. Basi maskini aweza kuwa na kitu, ila hakimtoshi. Kama mwenye haja ya kumi akapata saba au nane. Tazama hoja hiyo ilivyojengwa juu ya desturi ya ulimwengu wa wakati huo: chombo ni jembe la mtu wa bahari, na mtu aweza kuwa nacho akalala na njaa. Lau mwanachuoni yule wa zamani angalisimama gatini pale Port Camargue, angalishangaa kuona kwamba chombo kimekuwa alama ya mtu aliyeshiba.

Tena zaka. Mwenye mbuzi arubaini walio malishoni atoa mmoja kila mwaka. Mwenye chombo cha matembezi, kingawa thamani yake yapita mbuzi elfu, hatoi kitu kwa ajili yake, kwani si mali ya biashara bali ni kitu cha kutumia mwenyewe, na vitu vya kutumia havina zaka. Hiyo ndiyo fikihi, wala sitaigeuza ili nimfurahishe mtu. Lakini tazama neno lenyewe: kitu cha kutumia. Wanavyuoni waliisamehe nyumba kwa kuwa watu waikaa, na mnyama wa kupanda kwa kuwa apandwa. Je, kitu kilichosamehewa kwa ajili ya matumizi, kisha hakitumiwi, kimekaa katika hali gani? Katika sheria msamaha wake wabaki. Katika nafsi ya mtu, sijui kama wabaki vivyo hivyo.

Na yule aliyesema "mali ni yake" amesema kweli, lakini amesema nusu. Chombo ni chake. Mahali kilipofungwa je? Ufaransa, tangu amri ya bahari iliyotolewa mwaka 1681 katika zama za waziri Colbert, ufuo ni wa watu wote mpaka pale maji makuu yafikapo, wala hauuzwi. Sheria ya mwaka 1976 ikaongeza njia ya miguu ya upana wa mita 3 mbele ya viwanja vya watu vilivyopakana na bahari, na sheria ya Januari 1986 ikakaza zaidi mambo ya ujenzi pwani. Kwa hiyo mwenye yoti, kwa kawaida, hamiliki maji yaliyo chini yake. Amepewa haki ya kukaa, kwa mwaka au zaidi, na waliochangia gharama za kujenga bandari huweza kupewa haki ya muda mrefu, hatta miaka 35. Na nyuma yao wako wangojao. Katika mabandari mengi ya bahari ile watu huandikisha majina yao wakangoja miaka, na huku waona vyombo visivyotoka toka kaskazi mpaka kusi, kama tungalivyosema sisi. Wafaransa wamevipa vyombo hivyo jina la chuku, yaani pembe ile ya kuumikia, kwa namna vinavyoganda mahali visibanduke.

Jambo hili wanavyuoni wetu walilijua katika soko. Imamu Nawawi katika Minhaj ataja mtu aliyetangulia mahali pa kuuzia njiani au sokoni: mahali hapo ana haki napo, na akiondoka kwa nia ya kurudi haki yake haipotei, isipokuwa kutokuwapo kwake kukirefuka hatta wanunuzi wake wakamzoea mwengine. Na kadhalika mtu aliyezungushia mawe ardhi iliyokufa asiihuishe. Muda ukizidi, mtawala humwambia: ihuishe au iache. Na imepokewa kutoka kwa Sayidina Umar kwamba mwenye kuzungushia hana haki baada ya miaka mitatu. Yaani mawe peke yake si milki. Kuwa mbele ya wenzako si milki. Mahali pa watu wote hushikwa kwa kazi, na kazi ikikoma mshiko hulegea.

Utaniambia: huyu wa gatini alipa ushuru, na yule wa sokoni halipi. Ni kweli, na hiyo ni tofauti kubwa. Aliyekodi manufaa ni yake, ayatumie au asiyatumie, na kodi ni juu yake. Kwa hiyo siwezi kusema ni haramu, wala kwamba mwenye bandari aweza kumtoa kabla ya muda wake bila ya sharti. Lakini ushuru hupokelewa na bandari, na anayepata dhara ni mtu wa tatu, aliyesimama nje na jina lake katika daftari, wala hapokei kitu. Hao wenye vyombo wengi wao si watu wa dini yetu, wala sikuandika haya ili niwahukumu kwa kitabu chetu. Mezani ninayoitumia ni ya kwetu, na kitu cha kupimwa kitakuja sasa hivi.

Kabla ya hapo nitaje mawili kwa ufupi. Vyombo vya ubao vikitupwa huoza vikarudi udongoni. Vya siku hizi ni vya plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, navyo haviozi, hatta Wafaransa imewabidi tangu mwaka 2019 kuwa na utaratibu wa kuvivunja kwa fedha zitozwazo juu ya vyombo vipya. Na chini ya maji yale yako majani yaitwayo Posidonia, si mwani bali ni mmea wenye mizizi na maua, ambamo vifaranga vya samaki hujificha. Hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na nanga ya chombo kikubwa huilima sakafu yake kama jembe. Mwaka 2019 serikali ikavikataza vyombo vyenye urefu wa mita 24 na zaidi kutia nanga juu yake. Basi hatta kile kinachotoka kina hesabu yake.

Sasa sababu ya kunyamaza kwangu. Chini ya mivinje, kando ya diko ambapo wavuvi wa mtaa wetu hupandisha ngalawa zao, kuna mashua ya marehemu baba yetu. Ni mwaka wa saba haijagusa maji. Warithi tu sita. Kila mmoja asema ni ya wote, na kwa kuwa ni ya wote hapana wa kuitia kalafati wala wa kuiuza. Mbao za ubavu zimeachana, na kuku wataga ndani. Mvuvi mmoja, kila apandapo na ngalawa yake, hana budi kuizunguka, na mahali pa kuzungukia pana mawe. Mwaka juzi aliniuliza kwa adabu: "Sheikh, chombo hiki kitashuka lini?" Nikamwambia inshallah.

Hivyo ndivyo nilivyokaa barazani nikisikia watu wakicheka kwa neno la "mali ni yake", nami nikijua kuwa miaka mitatu ya Sayidina Umar imenipita mara mbili na zaidi. Usiku ule nimewaandikia warithi wenzangu nikiwataka idhini ya kuiuza kwa fundi achukue misumari na mbao zifaazo, au kumpa yule mvuvi. Wawili wamekwisha nijibu. Mmoja amekubali, na wa pili ataka kujua kwanza thamani yake.