Je, Yafaa Kubadili Muziki wa Mchezo wa Mtu Mwingine?

Vijana wengi siku hizi wanajua michezo ya video, na wazazi wao wanaijua kwa masikio: wimbo ule ule unatoka chumba cha pili, unarudi na kurudi bila kukoma. Pengine mzazi huuliza kama mashini ile haijui wimbo mwingine. Lakini ndani ya wimbo ule mna kazi kubwa ya fundi, tena mna swali la haki ambalo tunapenda kulitazama. Maana wako watu, huko Japani, Ulaya, Marekani na penginepo, ambao hutoa muziki wa mchezo na kutia mwingine waupendao wao, kisha faili hizo za sauti huwagawia wengine bure. Hawalipwi. Mwenye kutengeneza mchezo hakuwaomba. Je, watu hawa wanafanya vema, ao wanaharibu kazi ya mtu?

Kwanza tujue jambo lenyewe. Wimbo wa dansi una mwisho, kwa sababu wapigaji wenyewe wanajua saa ya kumaliza. Katika mchezo wa video hakuna ajuaye saa hiyo. Mchezaji mmoja atavuka kwa dakika mbili, mwingine atahangaika nusu saa penye shimo moja tu. Muziki lazima umngojee. Ndiyo maana hutungwa kwa kuzunguka: ukifika mwisho huruka nyuma mpaka mahali palipotiwa alama, ukaendelea kana kwamba haukukatika.

Katika Space Invaders, mchezo uliotengenezwa Japani na Tomohiro Nishikado mwaka 1978, zilikuwamo sauti nne nzito tu, zikizunguka daima. Kadiri maadui walivyopungua, waliobaki walikwenda mbio zaidi, na zile sauti nne nazo zikaharakisha. Mchezaji aliiona hatari kwa macho, na masikio yake yakamhakikishia. Miaka saba baadaye, mwaka 1985, Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. Mchezo ule mzima, picha na kanuni na muziki pamoja, ulikaa katika kilobaiti 40, yaani kadiri ya herufi za kurasa ishirini hivi. Ilimpasa kutunga kitu kifupi ambacho mtu akikisikia mara mia hakimchoshi. Anayedhani kwamba ni kazi ndogo, na ajaribu.

Sasa tuje kwa wale wanaobadili. Kompyuta haishiki sauti kama mkondo wa maji; huipima mara nyingi mno na kuandika vipimo vyake. Katika diski za CD, sekunde moja ina vipimo 44,100. Basi faili la muziki wa kuzunguka, kama zile zinazoitwa BRSTM katika michezo ya mashini ya Wii, lina namba ndani yake inayosema: ukifika kipimo hiki cha mwisho, rudi kwenye kipimo kile. Kazi yote ya fundi imo katika kuchagua namba hizo.

Mtu atasema ni hesabu tu. Ni kweli kwa sehemu. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne manne, kila fungu lake ni sekunde mbili, maana yake vipimo 88,200. Mafungu 32 yatakuwa vipimo 2,822,400. Tia alama hapo, kazi imekwisha? Hapana. Wapigaji walio watu, wala si mashini, hawashiki mwendo sawasawa. Huharakisha kidogo, hukawia kidogo, na hesabu inapotea. Tena wimbi la sauti likikatwa juu na kuunganishwa chini, sikio linasikia mlio mdogo kama kijiti kinachovunjika. Tena uko mwangwi. Sauti ya mwisho ya duru la kwanza bado inalia wakati duru la pili linapoanza. Ukirudi mwanzoni kabisa mwa wimbo, mwangwi ule unakatika ghafula, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kwa hiyo fundi mwenye akili huuacha wimbo uzunguke mara moja na kuingia duru la pili, ndipo hukata humo ndani, penye mwangwi uliokwisha kuchanganyika. Hata namna ya faili ina neno lake: MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, na kimya hicho kinatosha kuharibu kiungo.

Na akimaliza yote vizuri, hakuna atakayejua kwamba pana kiungo. Watu watakitambua kikiwa kibaya tu.

Tumeeleza hayo kwa urefu ili tusiwahukumu upesi. Mwenye kukata namna hii amesikiliza wimbo wa mwingine mara nyingi kuliko wengi wanaojiita wapenzi wa wimbo huo. Lakini kazi ngumu haifanyi jambo kuwa la haki. Mwizi naye huchimba ukuta kwa jasho. Basi turudi kwa swali letu.

Kijana atajibu: "Mchezo nimeununua kwa fedha yangu, ni wangu." Neno lake lina uzito. Mama akinunua kitenge, hampelekei mfumaji barua ya kumwomba ruhusa ya kukikata. Fundi cherehani hukikata apendavyo mwenye nguo, na mfumaji haoni aibu yoyote. Lakini tukinunua kitabu je? Tunaweza kuandika pembeni mwake, tunaweza hata kuchana ukurasa. Walakini tukitoa maneno ya mtungaji, tukatia yetu, kisha tukampa jirani asome kana kwamba ni ya mtungaji yule, tumesema uongo. Je, mchezo wa video ni kitenge ao ni kitabu?

Sisi tunaona una sehemu ya vyote viwili, na watengenezaji wenyewe hawakujibu kwa namna moja. Wale waliotoa Doom mwaka 1993 waliweka picha, ramani na muziki katika faili la peke yake, na John Carmack, mwandishi wake wa programu, alipenda watu wengine waweze kuyabadili. Mashini ya Xbox ya mwaka 2001 ilimruhusu mtu kuhifadhi ndani yake nyimbo za diski zake mwenyewe, na katika michezo kadhaa zikapigwa mahali pa muziki wa mchezo. Katika Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008, Masahiro Sakurai aliwakusanya watunzi zaidi ya 30, kisha akampa mchezaji uwezo wa kusema kila wimbo usikike mara nyingi ao mara chache. Mtu aliyefungua mlango kwa mkono wake hawezi kulalamika kwamba wageni wameingia. Pengine watavuka mpaka chumba cha ndani, hilo ni jambo lingine.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kubadili muziki ni kosa kwa namna yake. Mtu aliye nyumbani mwake, akicheza na nduguze, akapenda kusikia gitaa la kwao badala ya tarumbeta za mtunzi wa mbali, amemdhulumu nani? Hatuoni.

Lakini angalia mambo haya. Katika Mario Kart Wii, mchezo wa mashindano ya magari uliotoka mwaka 2008, kila njia ina faili mbili za muziki: moja ya mizunguko ya kwanza, nyingine ya mzunguko wa mwisho, yenye mwendo wa haraka zaidi. Ile ya pili haikuwekwa kwa pambo. Inamwambia mchezaji: bado mzunguko mmoja, jikaze. Mwenye kubadili kwa uvivu hutia faili moja ile ile mahali pote pawili, na habari ile inakufa. Mchezaji anayepewa kazi hiyo amenyang'anywa kitu, naye hajui. Katika Super Mario Bros. ni vivyo hivyo: wakati uliobaki ukipungua chini ya 100, wimbo unaharakisha. Na mtu akiweka wimbo mzuri kabisa juu ya zile sauti nne za Space Invaders, atakuwa amemziba mdomo mlinzi anayepiga kelele. Hapa ndipo tunapoanza kuona kosa. Yeye anadhani ametoa pambo, kumbe ametoa neno.

Liko na jambo la pili, nalo linauhusu wimbo mgeni unaoingizwa. Nyimbo nyingi zinazotiwa katika michezo hazikutungwa ili zizunguke. Zina mwanzo, zina kupanda, zina mwisho, na mtunzi ameweka ndani ya mwisho ule kitu alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Fundi anaukata mwisho na kuutupa. Je, wimbo ule bado ni ule?

Mwaka 1948, kule Paris, Pierre Schaeffer alifanya kazi na sahani za gramofoni. Mfereji wa sahani ya kawaida huenda ukijikunja kuelekea katikati. Yeye alitengeneza mfereji uliojifunga, sindano ikazunguka mahali pamoja, ikirudia kipande kisichofika sekunde moja. Aliona ajabu: sauti ikirudiwa hivyo, sikio linaacha kuuliza imetoka wapi, linasikia umbo lake tu. Tena alipoiondolea kengele ule mgoto wake wa kwanza, ilibaki sauti isiyofanana tena na kengele. Basi kukata ni kubadili, tusijidanganye. Erik Satie naye aliandika mwaka 1893 hivi kipande kifupi cha piano, Vexations, chenye maneno juu ya kukirudia mara 840. John Cage alipokipigisha New York mwaka 1963, wapiga piano walipokezana kwa saa zaidi ya 18. Lakini hata 840 ni hesabu yenye mwisho; mtunzi ndiye aliyeiweka. Katika mchezo, anayemaliza wimbo ni yule anayezima mashini, pengine kwa sababu mama ameita watu kula.

Tunasema hivi: wimbo uliokatwa mwisho wake si wimbo ule mzima, ni kitu kingine kilichotoka kwake, na hakuna dhambi katika kufanya kitu kingine. Mti hukatwa ukawa kinu. Ila anayeuza kinu haambii watu kwamba huu ndio mti. Mtu akiusikia wimbo wa mtunzi fulani ndani ya mchezo tu, ajue kwamba bado hajausikia wote.

Tumebaki na jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni jina. Mapatano ya Berne juu ya kazi za watunzi yalifanywa mwaka 1886, na mwaka 1928, kule Roma, yaliongezewa kifungu kinachosema kwamba mtunzi, hata akiisha kuuza haki zake za fedha, anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga, na ya kukataa kazi yake isiharibiwe hata kumvunjia heshima. Wataalamu waliona kwamba chakula na jina ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuuza cha kwanza pasipo kuuza cha pili.

Sasa tazama jinsi kazi hii inavyofanywa. Ili mchezo ukubali wimbo mpya, mara nyingi faili jipya lazima lipewe jina lile lile la faili la zamani. Mashini hutafuta jina, ikilikuta hupiga kilichomo. Kwa hiyo wimbo wa mgeni unaishi chini ya jina la mwenyeji. Mtunzi wa kwanza hasikiki tena, wa pili hatajwi, na mkata kiungo, ambaye kazi yake njema haionekani, hajulikani kabisa. Watu watatu wamefanya kazi, na hakuna hata mmoja aliyebaki na jina. Hakuna aliyekusudia mabaya; ni ufundi wenyewe unaodai hivyo. Ndiyo maana inampasa mtu alirudishe kwa mkono wake jambo ambalo mashini imelifuta.

Na juu ya chakula tuseme wazi. Faili la namna hii lina sauti yenyewe, nzima, ya wapigaji walioishi kwa kazi hiyo. Kulitumia nyumbani ni jambo moja, kuligawia maelfu ya watu ni jambo lingine, hata kama mgawaji hakupokea senti moja. Ukarimu wa kugawa mali ya mwingine ni rahisi mno. Wimbo wa Tetris ulio mashuhuri zaidi katika Game Boy ya mwaka 1989 ulitoka katika Korobeiniki, wimbo wa zamani wa Warusi. Hirokazu Tanaka aliuchukua akaupanga upya, wala hakumnyima mtu chakula. Ziko nyimbo nyingi za namna hiyo zinazongojea. Wako pia watunzi walio hai wanaokubali wakiombwa, na vijana wengine hutunga muziki wao wenyewe kwa ajili ya mchezo waupendao. Hao hawana wa kumwomba.

Wako wagawaji wanaoweka pamoja na faili karatasi fupi: jina la wimbo, aliyeutunga, walioupiga, aliyekata mzunguko, namba ya kipimo ambapo wimbo unarudi, na jina la wimbo wa kwanza uliotolewa ili huu upate nafasi. Karatasi hiyo huandikwa kwa dakika tano. Wengi hawaisomi, na mchezo unakwenda vile vile bila hiyo. Tukiulizwa tungemwamini mgawaji yupi na faili zake, tungetafuta kwanza ile karatasi, kabla ya kusikiliza kiungo.