Kusikiliza: Hisani au Wajibu?

Sisi walimu hatuchoki kuwafundisha wanafunzi tofauti ya kusikia na kusikiliza. Kusikia ni kazi ya sikio. Hata asiyetaka husikia. Kusikiliza ni tendo la hiari, nalo lataka moyo utulie. Je, tendo hilo ni hisani tu, au ni wajibu?

Na tulipime swali hili penye kitanda cha mtu aliyeumia uti wa mgongo, labda kwa kuanguka mtini au kwa ajali ya gari. Zamani wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann alianza kuongoza wadi yao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Huko wagonjwa waligeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wakapewa kazi na michezo, wengi wakaishi.

Lakini mwili uliogeuzwa si mtu aliyesikilizwa. Mgonjwa auliza, "Sista, nitatembea tena?" Naye ajibiwa, "Usijali, utapona." Jibu hilo lina huruma, ila limefunga mlango. Pengine mgonjwa hakutaka ahadi. Alitaka kuitoa hofu yake ya shamba, ya ndoa, ya aibu ya kuoshwa na mtu baki. Muuguzi asikilizaye huketi, hunyamaza, kisha husema, "Naona wawaza habari za nyumbani." Mwaka 1957 Carl Rogers na Richard Farson waliieleza njia hii, yaani usikilizaji tendaji: msikilizaji hurudisha maana aliyoipata, ili msemaji aithibitishe au aisahihishe.

Wako watakaosema kwamba wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Mwenye mikono miwili na afunge vidonda kwanza. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, tuangalie jambo moja. Mgonjwa aliyeumia shingoni au mgongoni sehemu ya juu aweza kulalamika ghafla kuwa kichwa chamgonga na uso watoka jasho. Asiyesikiliza ataona ni manung'uniko. Asikilizaye atamketisha na kuutazama mpira wa mkojo. Huenda umejikunja, kibofu kimejaa, na shinikizo la damu limepanda kiasi cha kuweza kuua.

Basi, ni nani ajuaye, kabla ya kusikiliza, lipi ni nung'uniko na lipi ni hatari? Hayupo. Kwa hiyo kusikiliza si pambo la uuguzi. Ni sehemu ya uuguzi wenyewe. Tena, mtu ambaye miguu haimtii tena amebakiwa na kauli yake. Tukiipuuza, twamnyang'anya kile ambacho ajali ilimwachia.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njia ya kuwajua ni kumwuliza aliyekilalia, na kulingoja jibu.