Je, Mwenzi Wako Aijue Namba Yako ya Siri?



Liko swali ambalo wenye ndoa wengi hujiuliza siku hizi, ingawa wachache hulitamka: je, ni haki mume na mke kufichana namba ya siri ya simu? Zamani pesa za nyumba zilikaa chini ya godoro au benki, na barua zilifika kwa sanduku la posta. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, pesa, barua na hata madeni yameingia katika kifaa kimoja kinachotosha kiganjani. Anayeishika simu ya mwenzake ameshika nusu ya maisha yake.

Wako wasemao: "Sisi ni mwili mmoja, kwa hiyo simu yako ni yangu." Wako pia wajibuo: "Kila mtu na simu yake, tusisumbuane." Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande ukiachwa peke yake huweza kuiharibu nyumba.

Tuanze kwa kujiuliza: kufuli hii iliwekwa kwa ajili ya nani? Iliwekwa kwa ajili ya mwizi, na sisi wa Bonde la Ufa tunazijua habari zake. Mulot, mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti za Narok na Bomet, umetajwa kwa miaka mingi na polisi na magazeti kuwa maskani ya matapeli wa simu, ingawa wakaaji wake wengi ni wakulima na wachuuzi wanaojitafutia riziki kwa haki. Tapeli wa namna hii havunji mlango. Hupiga simu kwa sauti ya upole na kujifanya mhudumu wa kampuni, akasema laini yako ina hitilafu. Huomba namba ya kitambulisho, kisha namba ya siri. Akizipata, huihamishia laini yako kwenye kadi nyingine aliyo nayo. Simu yako hupoteza mtandao ghafla, na wewe hudhani ni hali ya hewa. Kumbe wakati huo anatoa akiba yako na kukopa kwa jina lako, iwe ni kwa M-Shwari iliyoanza mwaka wa 2012 au Fuliza iliyoanza mwaka wa 2019.

Tapeli hutegemea mambo mawili: haraka na ukimya. Ndiyo sababu husema, "Usikate simu," na, "Usimwambie mtu." Chukueni mfano wa mama anayeuza mboga Kaptembwo, na mumewe anafanya kazi ya zamu katika shamba la maua huko Naivasha. Mama ametuma karo ya watoto kwa mwongo. Kama anamwogopa mumewe, atanyamaza. Atakopa kwa siri ili kuziba pengo, kisha atakopa tena ili kulipa mkopo wa kwanza. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini katika nyumba ambayo kosa husemwa bila kutukanwa, atapiga simu papo hapo: "Baba watoto, nimedanganywa." Naye atamjibu, "Pole, mama. Wapigie kampuni sasa hivi, tutazungumza nikifika." Saa ile moja huweza kuokoa pesa, na hata ikishindwa kuziokoa itaokoa amani. Basi mwizi wa nje hupata nguvu pale ambapo mume na mke wanaogopana.

Je, hii ina maana kwamba kila kitu kiwe wazi? Hapa yafaa tutofautishe mambo matatu.

Kwanza, mambo ya nyumba. Mapato, mikopo, michango ya chama na kiwanja unachotaka kununua kule Njoro ni mambo ya wote wawili. Kumficha mwenzako deni atakalolilipa pamoja nawe ni udhalimu, hata kama hujasema uongo wowote.

Pili, maneno ya watu wengine. Dada yako amekuandikia kuhusu uchungu wa ndoa yake. Mfanyakazi mwenzako amekueleza ugonjwa wake. Maneno hayo si yako, na huwezi kumpa mwenzi wako kitu ambacho si chako. Siri ya mtungi aijuaye kata. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano yake. Haisemi kwamba haki hiyo hukoma siku ya harusi.

Tatu, namba yenyewe. Kampuni huwaonya wateja wasimpe mtu yeyote namba ya siri, na ni onyo la busara. Wenye ndoa wakiamua kuambiana, na iwe zawadi inayotolewa kwa hiari. Namba iliyopatikana kwa vitisho ni nyara. Na penye kipigo, anayepigwa asilazimishwe na mtu yeyote kuifungua simu yake kwa jina la umoja wa ndoa. Huenda simu hiyo ndiyo njia yake ya kuomba msaada.

Mtu atauliza: "Na kama nina mashaka ya kweli juu ya uaminifu wake?" Mashaka ni maumivu makubwa, wala hatuyadharau. Lakini ukiipekua simu usiku na kukuta ujumbe mbaya, bado itakubidi kuketi naye asubuhi. Usipoukuta, hutatulia, utasema ameufuta. Kuketi kule ndiko kazi yenyewe, na hakuna mashine itakayokufanyia.

Wengine huenda mbali zaidi, wakaweka programu ya upelelezi katika simu ya mwenzao bila yeye kujua. Programu hiyo huzituma habari zote kwa kampuni ya mbali. Taarifa za kampuni moja ya namna hiyo, mSpy, zilivuja mwaka wa 2015, wa 2018 na tena wa 2024. Anayempeleleza mwenzake kwa njia hii amewafungulia wageni mlango wa chumba chake cha kulala.

Basi tunawashauri hivi. Ketini pamoja mara moja kila mwezi, kila mmoja ataje mapato na madeni yake. Andikeni orodha ya akaunti, mikopo na vyama, bila namba za siri, muiweke pamoja na vyeti vyenu, ili mauti au maradhi yakija anayebaki asitangetange. Wekeni sharti kwamba hakuna atakayetuma pesa kwa sababu ya simu ya haraka kabla hajampigia mwenzake. Kumbukeni kwamba Safaricom imewaambia wateja wake mara nyingi kuwa huwapigia kwa namba 0722 000 000, na kwamba ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333 bila malipo. Simu ikipoteza mtandao bila sababu, tumieni simu ya mwingine kupiga ripoti mara moja.

Yajadilini maswali haya leo jioni, simu zikiwa zimewekwa kando:

1. Je, nikitapeliwa leo, wewe utakuwa mtu wa kwanza nitakayemwambia? Kama sivyo, ni kwa nini?

2. Liko deni lolote ambalo mmoja wetu analibeba peke yake?

3. Ni maneno gani ya watu wengine tuliyokabidhiwa, na tunayalindaje?