Posho ya Mwananchi

Tukitaja demokrasia ya Athens tunaona kilima cha Pnyx, wanaume wamekaa, mpiga mbiu anauliza nani anataka kusema. Tunasahau kwamba watu walikuwa hawaji. Aristophanes anatuchekesha na kamba iliyopakwa rangi nyekundu, ya kuwaswaga wananchi kutoka sokoni hadi mkutanoni. Demokrasia iliporudi mwaka 403 KK, haikupita miaka mingi wakaanza kumlipa anayehudhuria: oboli moja, kisha mbili, kisha tatu.

Sasa njoo huku Hasamba, Mbozi. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Na sio kikao cha kupashana habari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishiwa ardhi ya jumla, na haizidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, unapendekeza tu, anaamua waziri. Kwa hiyo kuna siku mikono inayonyooshwa inaamua mjukuu wako atalima wapi.

Na siku hiyo ikiangukia msimu wa kuchuma kahawa? Mama mwenye shamba anajua kahawa iliyoiva haisubiri ajenda. Akienda kuchuma, tunasema hana mwamko. Neno hilo linanikera, maana mara nyingi anayelitamka kaja na gari na kasaini posho. Yeye analipwa kusikiliza. Mama aje aongee bure.

Plato, kwa kinywa cha Socrates, anataja lawama kwamba Pericles aliwafanya Waathene wavivu, waropokaji na wapenda fedha kwa kuanzisha malipo ya umma. Hoja hiyo siibezi. Sote tunajua mikutano ambako fulana na buku tano vinatangulia kura. Ila oboli tatu zilitoka hazina ya dola, kiwango kimoja kwa wote, usema ndiyo au hapana. Hongo haiko hivyo. Halafu Plato alizaliwa kwenye ukoo wa wakubwa; mwenye watumwa wa kumlimia hajui siku moja ya kukaa kilimani inamgharimu nini fundi viatu.

Wanawake, watumwa na wageni hawakuruhusiwa kabisa. Kwa maandishi tumewapita Waathene mbali.

Mwalimu Nyerere, miaka ile ya uhuru, alieleza kwamba kwa Wagiriki demokrasia ilikuwa mazungumzo ya watu walio sawa, na kwamba wazee wetu waliijua vizuri: walikaa, wakaongea mpaka wakakubaliana. Nakubali. Lakini wale wazee, jamani, kuna mtu alikuwa anawapikia na kupalilia.

Kijiji hakina hazina ya Athens, najua. Basi angalau mkutano wa ardhi usiitwe kahawa ikiwa nyekundu mitini, na chakula cha mchana kisiishie meza ya mbele.