Saa na Mshindani

Mkimbiaji wa mbio za kati na ndefu aingiapo uwanjani huwa na wadai wawili. Mdai wa kwanza ni saa, ambayo mwisho wa mbio itasema alitoa kiasi gani cha nguvu zake. Mdai wa pili ni mshindani, ambaye amekuja kupimana naye mtu kwa mtu, na ambaye hajali kama mbio zilikuwa za kasi au za pole maadamu yeye ametangulia mwisho. Ni vigumu kuwalipa wote wawili kwa siku moja. Atakaye muda bora hana budi kukimbia kwa nguvu tangu mwanzo. Atakaye ushindi aghalabu huona afadhali kukaa nyuma ya mwenziwe, kutunza pumzi yake mpaka mzunguko wa mwisho, kisha kuchomoka na kushinda kwa hatua mbili au tatu. Yupi kati ya watu hawa wawili anaikimbia haki ya mashindano, na yupi anaikimbilia?

Kabla ya kuhukumu, yafaa kufahamu kazi ya kila mmoja. Aliye mbele huupasua upepo kwa kifua chake, na walio nyuma yake hupita katika njia aliyokwisha kuifungua. Yeye huamua mwendo, na kuamua ni mzigo. Wao hufuata tu. Yeye hawaoni, nao wanamwona. Kwa hivi aliye nyuma hutumia nguvu kidogo kwa mwendo ule ule, na akiba yake huwa silaha mwishoni. Methali hazisaidii kukata shauri hili, maana ziko pande zote. Mmoja husema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwingine hujibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hoja ya saa ina uzito. Saa haina upendeleo, haina kabila, wala haijui jina la mtu. Kwa saa mkimbiaji wa leo hupimwa na mkimbiaji aliyekufa zamani, jambo ambalo mbio za mtu kwa mtu haziwezi kulifanya. Tarehe 6 Mei 1954, katika mji wa Oxford, Roger Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, na mpaka ambao watu wengi waliudhani haupitiki ukapitwa. Lakini hapo hapo doa la saa lilionekana. Bannister hakwenda peke yake: Chris Brasher aliongoza mwendo kwanza, kisha Chris Chataway, wote kwa makubaliano, ili mwenzao apate kuufikia muda ule. Tangu siku hizo kazi ya kuongoza mwendo imekuwa ajira ya watu wengi. Ilifika upeo wake katika mji wa Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge wa Kenya alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumkinga upepo, na motokaa iliwatangulia ikimulika barabarani mwendo uliotakiwa. Lilikuwa tendo kubwa la mwili na moyo wa mwanadamu. Hata hivyo halikuandikwa kuwa rekodi, wala hapakuwa na mshindani hata mmoja. Wenye kuiandama saa peke yake mwisho hufika mahali ambapo wenziwao wamekuwa vyombo vya kazi.

Hoja ya ushindi nayo si nyepesi. Tarehe 7 Agosti 1954, miezi mitatu baada ya Oxford, Bannister alikutana katika mji wa Vancouver, Kanada, na John Landy wa Australia, ambaye kwa wakati huo alikwisha kuitwaa rekodi ya maili. Landy aliongoza na kumwacha mwenziwe nyuma sana. Katika pindo la mwisho aligeuza shingo kutazama kushoto, na saa ile ile Bannister akampita kulia. Bannister alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 58.8, Landy kwa dakika 3 na sekunde 59.6. Je, Bannister aliuiba ushindi ule kwa kumfuata Landy? Hapana. Kumfuata mtu mwenye mwendo kama ule ni kulipa karibu sawa na anavyolipa yeye. Bannister alitoa yote aliyokuwa nayo, na tofauti ilikuwa katika namna ya kuyagawa. Kungoja si dhambi ikiwa anayengoja naye anaumia.

Dhambi huanza wote wanapongoja. Katika fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda kwa dakika 3 na sekunde 50.00, muda ambao haukupata kuwa mkubwa hivyo katika fainali hiyo tangu mwaka 1932. Mwezi uliofuata, katika mji ule ule, wakimbiaji wanne wenye upungufu wa kuona walimaliza umbali huo huo kwa muda mfupi kuliko ule wa bingwa wa Olimpiki. Wengi walimlaumu Centrowitz, na lawama hiyo haina haki. Yeye alikuwa mbele karibu mbio zote. Hakumficha mtu njia. Walio nyuma yake, ambao baadhi yao walikuwa na muda bora kuliko wake, waliuona mwendo ni mdogo na wakauridhia, kila mmoja akitumaini kuwa nguvu zake za mwisho zitakuwa kubwa kuliko za jirani yake. Mbio za pole huwa ni mkataba wa wote, na atiaye sahihi kwa ukimya hana haki ya kuteta baadaye.

Kati ya wadai hao wawili wako waliomlipa mmoja wakabaki na deni kwa mwingine. Ron Clarke wa Australia alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28. Alifanya hivyo huko Oslo mwaka 1965, kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Alivunja rekodi nyingi za dunia, lakini hakupata kamwe nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1964, Tokyo, alikuwa wa tatu. Mwaka 1966 Emil Zátopek wa Chekoslovakia, ambaye alikuwa na nishani nne za dhahabu za Olimpiki, alimpa Clarke moja ya nishani zake. Tendo hilo lina hukumu ndani yake. Bingwa aliyeshinda watu alikiri kwa mkono wake kuwa yupo mtu aliyestahili dhahabu ambaye utaratibu wa mashindano haukumfikia. Hata hivyo nishani ya zawadi haikuondoa ukweli kuwa siku ya Tokyo wawili walikuwa mbele ya Clarke. Zátopek hakuifuta hesabu. Aliongeza rehema juu yake.

Swali lingebaki hapo, nusu kwa nusu, kama isingekuwa mfano wa Filbert Bayi wa Tanzania. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Bayi alitangulia tangu mwanzo wa mita 1,500, bila mtu wa kumwongozea mwendo na bila kungoja shauri la mtu. Mbele ya wenyeji waliomshangilia mtu wao, John Walker, alifungua nafasi kubwa akaishika mpaka mwisho. Walker alimkaribia katika mita za mwisho lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, ambayo ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1 tangu mwaka 1967, ikavunjika. Wadai wote wawili walilipwa siku hiyo.

Lakini jambo kubwa zaidi liko nyuma yake. Walker, aliyeshindwa, alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5, muda ulio bora kuliko rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya, wa tatu, alikosa kuifikia rekodi hiyo kwa kiasi kidogo mno. Mbio za Bayi hazikumtajirisha yeye peke yake. Miaka miwili baadaye nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Bayi hakuwako, na Walker akashinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Alipata dhahabu, naye aliistahili; lakini muda wake ulikuwa karibu sekunde 7 nyuma ya ule aliokimbia siku aliyoshindwa. Mtu huyo mmoja alipewa makubwa zaidi na mshindani aliyempiga kuliko na ushindi wake mwenyewe.

Yamkini mtu atasema kuwa Bayi hakukusudia ukarimu. Alitangulia kwa kuwa alijua kutangulia ndiyo njia yake ya kushinda. Na iwe hivyo. Achimbaye kisima kwa kiu yake mwenyewe hunywesha na majirani, wala maji hayaulizi nia. Mwingine atasema kuwa ukarimu wa namna hiyo hulipwa kwa hasara, na ushahidi anao. Tarehe 31 Julai 1980, Moscow, Bayi alitangulia tena, mara hii katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliwaacha wote mbali. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia, akampita, akashinda kwa dakika 8 na sekunde 9.70, Bayi akawa wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Hasara ile haikanushiki. Lakini siku iliyofuata Suleiman Nyambui, Mtanzania mwenziwe, alikuwa wa pili katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, katika mbio zilizoamuliwa na kasi ya mzunguko wa mwisho. Aliyetangulia mapema na aliyeshindania mwishoni walirudi na nishani ya fedha sawasawa. Tahadhari haina ahadi ya dhahabu zaidi kuliko ujasiri.

Kwa hivi kipimo cha haki hakimo katika saa peke yake wala katika nafasi peke yake. Kimo katika hali ya walioshindwa. Mbio zikiisha yapasa kuulizwa kama kila mmoja alipewa sababu ya kutoa alicho nacho. Tarehe 9 Agosti 2012, London, David Rudisha wa Kenya alitangulia tangu mwanzo katika fainali ya mita 800, bila mwongoza mwendo, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Mtu wa nane, aliyekuwa wa mwisho, alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali za Olimpiki za miaka 2000, 2004 na 2008. Mdhaifu anayefuata nyuma hana lawama, maana hana njia nyingine ya kubaki katika mashindano. Deni la kutangulia ni la mwenye nguvu, na ukubwa wake hulingana na kipawa chake. Akilikataa anaweza kushinda bado, na hakuna sheria itakayomnyang'anya nishani. Ila atakuwa amewashinda watu ambao hawakupata kujua uwezo wao wenyewe ulikuwa kiasi gani.